Baiskeli Isiyokwenda Popote

12 Januari

Mwanangu Njiti,

Pokea salamu zangu zikiwa na vipande vya nyuzi, maana nakuandikia juu ya meza ya cherehani. Huku tuko wazima. Baba yako, huyu kaka yangu asiyesikia la mtu, amepona kikohozi na sasa anadai hakuwahi kuumwa. Fundi viatu, jirani yangu wa barazani, ameng'oa jino na anatembea nalo mfukoni akiwaonyesha wateja. Baiskeli yako ya mashindano bado inaning'inia ukutani kwangu. Nimeifunika kitambaa kipya. Hujaniuliza, nakwambia tu.

Sasa sikiliza. Juzi nilipeleka mapazia hospitali, wodi ya watoto njiti. Nikachungulia. Mwanangu, watoto wamelazwa wawili wawili kwenye kitanda kimoja cha joto, kama viatu ndani ya boksi. Wewe ulipozaliwa kwa miezi saba hapakuwa na kitanda cha joto hata kimoja. Mama yako alikuwa hoi, nikakuweka kifuani kwangu wiki tano. Lakini kifua kilikuwa kimoja na wewe ulikuwa mmoja, tukapatana. Hawa ni wengi.

Muuguzi mkuu akaniambia kuna shughuli mwezi wa Mei. Wataweka baiskeli kumi za mazoezi kwenye ukumbi wa hospitali, zile zilizokaa palepale. Kuanzia saa nne asubuhi Jumamosi tarehe 17 hadi saa nne Jumapili, watu wakanyage bila kuacha. Wafadhili wameahidi kwamba kila baiskeli itakayomaliza saa ishirini na nne itazaa kitanda kimoja. Ikisimama zaidi ya dakika tano, hakuna kitanda. Tisa zilishapata watu. Nikasema ya kumi ni yangu.

Usicheke. Baiskeli haiendi popote, kwa hiyo siwezi kupotea njia wala kugongwa na gari. Nina miaka hamsini na saba, nakanyaga cherehani tangu hujazaliwa. Wewe uliyekuwa unarudi nyumbani na medali, niandikie nijiandae vipi. Na pia niandikie unakuja lini. Mwaka wa tatu huu.

Shangazi yako


26 Januari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imepanda na gari la mahitaji, lile linalokuja kila baada ya wiki mbili, ikiwa imelaliwa na gunia la vitunguu. Nimeisoma huku machozi yakinitoka, nusu kwa vitunguu na nusu kwa kicheko. Hapa kituoni tuko wanne, tunapima mvua, upepo na uvumilivu wetu. Mzee wa redio anakoroma mpaka sindano ya kipimo cha upepo inataka kuyumba. Simu inashika mtandao ukisimama juu ya tangi la maji, na ukikohoa unapotea.

Shangazi, saa ishirini na nne si mchezo. Nimewahi kuona vijana wenye mapaja kama magogo wakilia saa ya kumi. Lakini nakujua: ukishasema umesema. Basi fuata haya. Mwezi wa kwanza kanyaga nusu saa kila siku bila kusimama. Mwezi wa pili saa moja, na siku moja kwa wiki saa tatu. Mwezi wa tatu siku hiyo moja iwe saa sita. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Kula ndizi na mayai ya kuchemsha. Kitu kikiuma, simama, uniandikie.

Msalimie baba. Mwambie fundi viatu alizike hilo jino.

Kuhusu kuja, ningekujibu, ila karatasi inaisha.

Mwanao, Njiti


20 Februari

Njiti wangu,

Karatasi yako iliisha nusu ukurasa ukiwa mweupe. Labda huko mlimani mnahesabu karatasi kwa namna nyingine. Haya, sisemi.

Baba yako hajambo, amenunua drafti na anamfunga kila mtu, kwa sababu anacheza na watu wasioujua mchezo. Fundi viatu hakulizika jino, amelitengenezea kikopo.

Mimi nimekushangaza, jiandae. Ulisema nusu saa. Nimekanyaga saa tano kwa siku, wiki tatu mfululizo! Sijachoka hata chembe. Nakunywa maji, nakula ndizi, nakanyaga, na sare arobaini na tatu za shule zimekamilika. Wateja wanasema sijawahi kumaliza kazi kwa wakati namna hii tangu wanifahamu. Hao vijana wako wa kulia saa ya kumi walikuwa wanalia nini? Nadhani hata Mei ni mbali. Ningeweza kupanda kesho.

Wodi nimepita tena. Safari hii kitanda kimoja kilikuwa na watatu.

Shangazi


9 Machi

Shangazi, shikamoo sana.

Wenzangu hawajambo, ila mzee wa redio amekasirika kwa sababu nimecheka wakati wa kusoma vipimo na imebidi asome upya.

Shangazi yangu mpenzi. Sare arobaini na tatu? Ulikuwa unafanya mazoezi kwenye cherehani?

Kosa ni langu, sikusema. Nilidhani hakuna binadamu anayehitaji kuambiwa. Cherehani unaikanyaga kwa nyayo, kisigino na vidole, gurudumu likishashika kasi linajiendesha. Baiskeli inataka paja, nyonga, mgongo na makalio. Kwa wiki tatu umefanya mazoezi ya kifundo cha mguu. Una vifundo vya dunia nzima, sikatai, lakini kitanda hakitapatikana kwa vifundo.

Tafuta baiskeli ya kweli ya mazoezi, leo. Hospitali lazima wanazo kwenye chumba cha kuwanyoosha wagonjwa viungo. Waombe. Anza na dakika ishirini, uniambie ukweli.

Njiti


26 Machi

Mwanangu,

Salamu sitaki kuzirefusha, nimekaa upande mmoja. Huo mwingine haukaliki.

Wamenikubalia kutumia baiskeli yao kila siku alasiri. Siku ya kwanza nilipanda kwa madaha, nimejifunga kitambaa kichwani. Dakika kumi na mbili, Njiti! Dakika kumi na mbili mapaja yakawaka moto, na kile kiti, sijui nani alikibuni na alikuwa na ugomvi na nani. Bwana mdogo wa viungo akaniuliza kama niitiwe machela. Nikamwambia aite heshima yake kwanza.

Lakini mimi ni fundi. Nilirudi nyumbani nikajishonea suruali ya baiskeli, sponji tabaka mbili, mshono nimeupeleka pembeni usikutane na kiti. Sasa wakanyagaji wengine tisa wote wameniagiza. Mmoja wao, mwalimu wa hesabu aliyekuwa ananicheka, ameagiza mbili.

Kuna jambo lingine ambalo hukuniambia. Nikiwa juu ya baiskeli mikono haina kazi. Miaka yote hii miguu yangu ikikanyaga, mikono inasukuma kitambaa. Nikishika ule usukani mtupu, baada ya muda miguu inasimama yenyewe, inadhani nimemaliza mshono. Nilikuwa nastuka nimeganda, bwana mdogo ananipungia mkono usoni. Basi nikachukua sindano na vitambaa laini, nikawa nashona kofia za watoto njiti huku nakanyaga. Miguu ikaelewa! Jana nimekwenda saa mbili na nusu, kofia sita.

Kwa hiyo mambo ni mazuri. Hata kwenye cherehani siku hizi natanguliza mguu wa kushoto, kubadilisha tu. Na wewe huko unakula vizuri?

Shangazi


6 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Dereva wa gari la mahitaji anapiga honi, kwa hiyo salamu ni fupi na kicheko nimekiweka pembeni, ingawa kofia sita zimenifurahisha mno.

Tangu nijue kutambaa nakaa chini ya cherehani yako. Mguu wa kulia ndio unaotangulia. Hata ulipovunjika kidole ulitanguliza wa kulia. Hubadilishi kitu bila sababu, wewe uliyekataa kubadilisha hata rangi ya mlango.

Goti la kulia lina nini? Daktari amesema nini? Usiniletee habari za jino la fundi viatu. Nijibu hilo tu.

Njiti


24 Aprili

Mwanangu Njiti,

Wewe mtoto ni mchawi. Haya.

Goti limevimba tangu katikati ya Machi. Daktari wa mifupa amelibonyeza akasema limechakaa, nikamwambia hata wewe kiti chako kimechakaa na bado unakikalia. Amesema naweza kukanyaga, ila saa ishirini na nne sitazifikisha. Labda kumi na tano. Labda kumi na nane kama Mungu akinionea huruma. Jumamosi iliyopita nilikwenda saa sita, nikashuka nimeshikwa na watu wawili.

Sitajitoa. Nikijitoa sasa baiskeli ya kumi inabaki tupu, na hao watoto watatu wa kitanda kimoja nimewaona kwa macho yangu.

Sasa lile ambalo sikukuambia. Sheria inaruhusu kila baiskeli kuwa na mtu wa akiba, wa kupokea mara moja mwenye baiskeli akishindwa. Lazima aandikishwe mapema. Siku ile ile ya Januari niliandika jina lako. Nilidhani mpaka Mei utakuwa umekuja. Kila barua nilitaka kukuambia, na kila barua nilianza na habari za jino.

Usinikasirikie sana.

Shangazi yako


4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimekasirika.

Uliniandikisha bila kuniuliza, ukanificha miezi mitatu, na sasa unaniambia goti limekufa na zimebaki wiki mbili. Gari la mahitaji likishuka leo halirudi mpaka tarehe 18, siku ambayo shughuli yenyewe inaisha. Umefikiria hilo?

Sitapanda baiskeli, Shangazi. Inayokwenda wala inayokaa. Kila mtu anadhani niliacha mashindano kwa sababu ya mfupa wa bega. Mfupa ulipona kwa wiki nane. Ni kwamba tangu nianguke pale kwenye mteremko, nikishika usukani mikono inatetemeka mpaka meno yanagongana. Nilijaribu mara nne, nikiwa peke yangu, ili mtu asinione. Nilikuja huku juu kwa sababu hakuna barabara inayofaa baiskeli. Naogopa. Sikuwahi kumwambia mtu, hata baba.

Sasa nimekwambia, na bado nimekasirika. Tafuta mtu mwingine.

Njiti


12 Mei

Mwanangu,

Najua barua hii haitakufikia kabla ya Jumamosi. Naiandika hivyo hivyo.

Niliposoma yako nilifunga duka. Fundi viatu akauliza kuna msiba? Nikasema hapana, kuna mtu mzima aliyekosa adabu, na ni mimi. Nilikushonea nguo bila kukupima, nikasema utaingia tu. Samahani, mwanangu. Miaka mitatu hii nilikuwa nakusema kwa baba yako kwamba umetususa, kumbe ulikuwa unaogopa peke yako huko juu. Hilo limeniuma kuliko goti.

Leo asubuhi nimekwenda kwenye dawati la waandikishaji, nimekata jina lako. Mtu mwingine sikupata. Muda wa kuandikisha wapya umepita. Nitakanyaga nitakapofika. Kofia zimefika themanini, angalau hizo hakuna atakayezinyang'anya.

Usijilaumu kwa lolote.

Shangazi


1 Juni

Shangazi yangu, shikamoo, tena mara mbili, kwa sababu ile ya hospitali uliilalia.

Naambiwa umewauliza watu wote mambo yalikwendaje na kila mmoja amekupa hadithi yake. Basi nakuandikia mimi, maana nilikuwepo na wewe ulikuwa unakoroma kumshinda mzee wa redio.

Barua yako ya tarehe 12 niliikuta mezani niliporudi huku. Wakati inapanda, mimi nilikuwa nimeshashuka. Hasira yangu ilidumu siku kumi. Ya kumi na moja niliamka nikakuta nimekwisha kufunga kamba za buti. Nikaomba ruhusa ya wiki moja, nikatembea siku mbili hadi lango la msitu, nikapanda lori la mbao. Sikuwa nimeamua kupanda baiskeli. Nilijiambia nakwenda kukushika mkono tu.

Niliingia ukumbini Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Ulikuwa unakanyaga kwa mguu mmoja, Shangazi! Wa kulia unaning'inia, sindano mkononi, macho umeyafumba. Saa ishirini! Yule daktari wako alikuwa amesimama nyuma yako amekunja mikono. Baba amelala juu ya viti viwili. Fundi viatu ameshika kikombe cha chai, anakuhesabia mizunguko kwa sauti kama anayeimba. Nilikuwa sijafika hata katikati ya ukumbi mguu wako ukasimama. Msimamizi akapuliza filimbi na kuanza kuhesabu dakika tano.

Nikakimbia dawatini. Nikasema mimi ndiye mtu wa akiba. Msimamizi akafunua daftari, akasema, "Dada, jina hili limekatwa. Sheria ni sheria."

Nikainama kutazama. Mstari mnene, mweupe, juu ya jina langu. Nikapitisha kiganja. Mstari ukafutika wote, jina likabaki palepale kwa wino, na mwandiko wako. Msimamizi akatazama daftari, akatazama kiganja changu kilichojaa unga mweupe, akatazama pale ulipokuwa, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akasema, "Zimebaki dakika mbili."

Nikafika kwenye baiskeli. Walikuwa wanakushusha. Nikashika usukani na mikono ikaanza, kama siku zote, mpaka viwiko. Nikajua siwezi. Nikataka kumwita msimamizi nimwambie wazi wazi. Ndipo wewe ukafungua jicho moja, hukunisalimu, hukunishangaa, ukasema, "Kiti kimewekwa kwa urefu wangu. Kipandishe kidogo." Ukafumba tena.

Basi nikakipandisha. Nikalegeza ile skrubu ya kiti, nikapima kwa nyonga, nikakaza, nikajaribu, nikakilegeza tena kwa sababu kilikuwa kimepinda kidogo. Mikono ilikuwa na kazi inayoijua. Nilipoinua uso nilikuwa nimekaa juu, na fundi viatu anapiga kelele, "Moja!" Msimamizi alinionyesha saa yake: zilikuwa zimebaki sekunde ishirini na mbili.

Nusu saa ya kwanza nilitetemeka vibaya, sikufichi. Mwalimu wa hesabu kwenye baiskeli ya pembeni akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia nina woga. Akasema yeye ana malengelenge, tukaendelea. Baada ya hapo sikumbuki vizuri, ila kwamba niliimba, na kwamba baba aliamka, akaniona, akaondoka kwenda kunawa uso na hakurudi kwa muda mrefu. Saa nne kamili filimbi ikalia. Baiskeli zote kumi zilikuwa zinazunguka. Nililia, Shangazi, mbele za watu wote, kamasi na kila kitu, nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu niache medali.

Nilikuja kukuaga wodini. Ulikuwa umeshadungwa sindano ya maumivu, mdomo wazi. Lori la mbao halisubiri mtu, nikaondoka.

Sasa swali. Lile dawati lilikuwa na kopo limejaa kalamu za wino. Wewe ukaziacha zote, ukatoa mfukoni chaki ya kuchoria nguo. Kwa nini?

Njiti


10 Juni

Mwanangu,

Tuko wazima, wote. Baba yako anahadithia watu kwamba alikuona tangu unaingia mlangoni. Mwache.

Vitanda vimefika Jumatatu, kumi. Wamenichukua kwa kiti cha magurudumu nikaone. Mtoto wa kwanza kulazwa peke yake ni wa kike, hajafika hata kilo mbili, amevaa kofia yangu ya rangi ya machungwa na amenyoosha miguu kama mwenye nyumba. Nilikaa pale mpaka muuguzi mkuu akanifukuza. Nilifurahi, Njiti. Sina neno jingine, nilifurahi tu.

Goti sitakuficha tena: linauma. Nimekatazwa cherehani wiki sita. Fundi viatu ameanza kunishonea pindo za suruali na anazishona kama anashona soli, wateja wanalalamika kwamba hazikunjiki.

Kuhusu chaki, ndiyo niliyokuwa nayo mkononi. Usitafute makuu. Ningekueleza zaidi, ila karatasi inaisha.

Shangazi yako anayekupenda

(Na hiyo nafasi nyeupe hapo chini usiitazame.)


29 Juni

Shangazi, shikamoo.

Sote hatujambo. Mzee wa redio anakusalimu, anasema ungefaa kupanda huku umsimamie. Likizo yangu imekubaliwa, wiki tatu, kuanzia tarehe 13 Julai. Mwambie baba anitafutie mtu anayejua drafti kweli, nimchekee akifungwa.

Nina habari moja ya kukupa, na wewe ndiye wa kwanza. Mlinzi wa msitu ana baiskeli ya chuma, nzito kama ng'ombe, anayoitumia kwenye ile barabara ya vumbi inayotoka langoni kwenda kijijini. Wiki iliyopita nilitembea zile siku mbili hadi kwake nikamwomba anipe nusu saa. Barabara yote ni mteremko. Nilishika breki mwanzo hadi mwisho, kwa mikono miwili, zikawa zinapiga kelele msitu mzima. Kina mama wawili wenye kuni kichwani walinipita kwa miguu, wakaniuliza kama nahitaji msaada. Nikawaambia asanteni, niko mazoezini. Mmoja akasema, "Basi pole pole, mwanangu, barabara haiendi popote."

Nilichukua dakika arobaini kwa njia ya dakika tano. Lakini nilifika chini, Shangazi, nikiwa bado juu ya kiti.

Mwanao, Njiti